Jina la Binti wa Eliwaza

Hapo zamani, wala sisemi zamani ile ya wanyama kusema na binadamu, nasema zamani ya juzi tu, simu zilipokwisha kupanda milima ya Upare na kuzoeleka kama jembe, palikuwa na kijiji kiitwacho Irondo. Kijiji kilikuwa na zahanati moja, zahanati ilikuwa na nesi mmoja, na nesi huyo aliitwa Namsifu. Tegeni masikio vizuri, maana mwishoni nitawauliza neno, na sitapokea jibu la "wote sawa".

Namsifu alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mikubwa, sauti ndogo. Wajawazito wote wa Irondo walipita mikononi mwake. Zamani alitumia kadi za karatasi. Kisha wakubwa wa wilaya wakamletea simu, na ndani ya simu programu iliyoshika habari za kila mama: umri wake, kundi la damu yake, presha yake, mimba zilizotangulia na jinsi zilivyokwisha. Hata mama aliyejifungulia mbali, habari zake zilimfuata mpaka mlimani.

Programu hiyo ilitengenezwa mjini, katika ofisi ndogo ya mtu aitwaye Bwana Kirita. Wanawake wawili ndio walioifanya. Chausiku alizichora kurasa, jinsi zitakavyoonekana na jinsi zitakavyokwenda. Mwasiti aliandika maagizo ambayo simu inayatii.

Chausiku alizichora kurasa hivi. Ukitaka kusoma habari za mama mmoja, unausukuma ukurasa kwa kidole, juu au chini. Ukitaka mama mwingine, unausukuma pembeni, na mama anayefuata kwa herufi anaingia, kama mtu anayefunua kitabu. Ulikuwa utaratibu wa kupendeza. Wafadhili walipoonyeshwa, kila mmoja alitaka kufunua kwa kidole chake mwenyewe. Chausiku alijivunia kazi ile, na alikuwa na haki ya kujivunia.

Sasa, kijijini Irondo alikuwako mke wa mtu, Eliwaza. Mimba yake ya kwanza alijifungulia bondeni, kwenye mashamba ya mkonge alikofanya kazi mumewe, Kiondo. Kondo la nyuma lilikwama, akatokwa na damu mpaka akazimia, na mtoto hakuishi. Alipopata nafuu hakulitaja tena jambo lile. Kiondo hakulitaja. Mama mkwe wake, Bibi Nakijwa, hakulitaja. Nyumba nzima walilikwepa, kama mtu anavyokwepa kugusa kidonda cha mwenzake.

Aliposhika mimba ya pili, Eliwaza alikwenda zahanati. Siku hiyo watu walikuwa wengi. Namsifu alikuwa amempakata mtoto wa mama mwingine mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameshika simu, anausukuma ukurasa kwa kidole gumba cha mkono huo huo. Aliufungua ukurasa wa Eliwaza. Jina la Eliwaza lilikuwa juu kabisa. Ukurasa uliposogea, jina likapanda likapotea. Kidole kikaenda upande kidogo. Ukurasa ukateleza. Na anayemfuata Eliwaza kwa herufi ni Elizabeti, mama wa watoto watano, ambaye hakuwahi kupata shida katika uzazi hata mmoja.

Namsifu hakuona. Alisoma mstari uliokuwa mbele ya macho yake, mstari wa mwisho, kwamba uzazi uliotangulia ulikuwa salama. Akamwambia Eliwaza hana tatizo, atajifungulia pale pale kijijini.

Eliwaza alijua si kweli. Alifungua kinywa aseme, akakifunga. Simu ya serikali imesema yaliyopita yalikuwa salama. Nani angemlaumu akikubali? Alishukuru, akaenda zake. Baada ya muda mfupi alimfuata mumewe bondeni, akakaa huko, mimba ikakua bila maumivu, wala hakuhudhuria kliniki yoyote, maana hakuona sababu.

Haukupita muda, akaja zahanati msichana mwenye mimba ya kwanza. Namsifu alimsomea ukurasa, akamwambia kwamba huyu mtoto wa sita asimtie hofu. Msichana akacheka, akasema bado hajapata hata mmoja. Namsifu akaurudisha ukurasa juu. Jina halikuwa la msichana yule. Naye alikuwa na hakika kwamba hakubadilisha mama.

Tangu siku hiyo, kila aliposoma mstari wa chini, alirudi juu kulitazama jina. Mara lilikuwa lenyewe, mara silo. Akaenda kupimwa macho, akavaa miwani. Ukurasa ukateleza. Akakausha vidole kwa kitambaa kabla ya kushika simu. Ukurasa ukateleza. Akaomba simu nyingine, akapewa. Ukurasa ukateleza.

Akapiga simu mjini, kwenye ofisi ya Bwana Kirita. Aliyepokea alimjibu kwa adabu kwamba asukume kidole kikiwa kimenyooka. Akapiga tena. Akaambiwa kwamba manesi wengine hawalalamiki. Kwenye mkutano wa manesi wa wilaya alisimama akaeleza, na baadhi yao wakacheka. Lakini mkutano ulipokwisha, wawili walimvuta kando, wakamnong'oneza kwamba kwao pia ukurasa unateleza, ila hawataki kuitwa watu wasiojua simu.

Kilichomuumiza Namsifu zaidi ni wale aliowasomea kabla hajajua. Hakuwakumbuka wote. Aliowakumbuka aliwatumia ujumbe waje tena. Kwa Eliwaza akajibiwa kwamba yuko bondeni na hajambo. Basi akapiga simu mjini tena, na siku hiyo mpokea simu hakuwapo. Aliyepokea ni Chausiku.

Chausiku alisikiliza mpaka mwisho, akakasirika. Ukurasa aliouchora yeye, uliosifiwa na wageni, leo mtu wa mlimani anasema unabadilisha wanawake. Akaomba likizo, akapanda mlima. Msidhani alipanda kwa huruma. Alitaka kumwonyesha nesi kwamba ukurasa hauna kasoro.

Alifika Irondo siku ya kliniki, akakaa kwenye benchi la ukutani, akatazama. Asubuhi yote alitazama. Aliona kwamba mkono wa kushoto wa Namsifu hauko huru hata mara moja: una mtoto, au una kipimo, au umeshika bega la mama asianguke kwenye mzani. Simu iko mkono wa kulia, na kidole gumba kinafanya kazi peke yake. Na kidole gumba hakiendi kwa kunyooka. Kimefungwa kwenye kiganja, kwa hiyo kikipanda kinakata upinde, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Mwanzo wa upinde ni juu na chini. Mwisho wake ni pembeni.

Kule ofisini Chausiku aliijaribu programu akiwa ameketi mezani, simu imelala mbele yake, anasukuma kwa kidole cha shahada. Kule haikuwahi kuteleza.

Wagonjwa walipopungua, alimwendea Namsifu.

"Dada," akasema, "si kidole chako. Ni ukurasa wangu."

Namsifu alivua miwani, akakaa chini kwenye benchi. Kisha akauliza itachukua muda gani kurekebishwa, na Chausiku akamwahidi kwamba ni upesi.

Aliporudi mjini alichora upya. Safari hii, ukishaufungua ukurasa wa mama, njia ya pembeni inafungwa. Kidole kikate upinde, kiende kinakotaka, ukurasa utakwenda juu na chini basi. Ukimtaka mama mwingine, unatoka, unaligusa jina lake, unaingia. Kazi haipendezi kama ile ya kwanza, lakini haimpotezi mtu.

Bwana Kirita aliutazama mchoro, akaukataa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sababu. Alisema wafadhili watakuja tena karibuni, na kitu walichokipenda ni kule kufunua kama kitabu. Alisema pia kwamba manesi wa wilaya nzima wamezoea, na ukibadilisha ghafla unaweza kuharibu zaidi. Wafadhili wapite, kisha programu ijaribiwe polepole, itolewe kwa utaratibu. Chausiku alimweleza alichokiona. Bwana Kirita akarudia neno lake. Chausiku akamweleza tena, kisha akanyamaza. Alirudi kwenye meza yake akaendelea na kazi nyingine.

Mwasiti alikuwa meza ya jirani. Alikuwa amesikia yote. Alimuuliza Chausiku aliona nini hasa kule mlimani, naye Chausiku akamweleza habari za mkono wa kushoto, na kidole gumba, na nesi aliyevua miwani.

"Umeyaona kwa macho yako?" Mwasiti akauliza.

"Kwa macho yangu."

"Basi kama njia ina shimo, watu hawaambiwi wasubiri wageni wapite kwanza."

Kuifunga njia ya pembeni hakukuwa kazi kubwa kwake. Ilikuwa mistari michache ya maagizo. Aliiandika, hakumuuliza mtu, akalituma toleo jipya kwenye simu za zahanati zote. Kesho yake Bwana Kirita alijua, na Mwasiti akafukuzwa kazi. Chausiku alimtazama akikusanya vitu vyake, na bado hakusema neno.

Tena, ili msije mkasema nimeficha: katika kijiji kimoja cha upande wa pili wa mlima, toleo lile la haraka liliigandisha simu ya zahanati. Nesi wa huko hakuweza kufungua ukurasa wowote mpaka mchana, na wajawazito waliokuwa wametembea toka mbali wakaambiwa warudi nyumbani. Hakuna aliyedhurika. Lakini Bwana Kirita aliuliza, na swali lake halikuwa la kijinga: je, angedhurika mtu, tungemwendea nani?

Siku ile ile toleo jipya lilipofika Irondo, Eliwaza alikuwa amerudi kutoka bondeni. Siku zake zilikuwa zimekaribia. Bibi Nakijwa alimsindikiza zahanati, amebeba kanga na nguo za mtoto, wakijua kwamba safari ijayo ni ya kujifungua pale pale.

Zahanati ilijaa. Kulikuwa na chanjo, watoto wanalia, na Namsifu amempakata mmoja wao. Alilifungua jina la Eliwaza, akausukuma ukurasa. Jina likapanda likapotea. Kidole gumba kikakata upinde wake, kikaishia pembeni kama siku zote. Ukurasa haukuteleza. Ulishuka tu, mpaka mstari wa mwisho, na mstari wa mwisho ulisema: kondo la nyuma lilikwama, alitokwa na damu nyingi, mtoto alifariki, mama huyu asijifungulie zahanati.

Namsifu alimkabidhi mtoto kwa mwenyewe.

"Eliwaza," akasema, "mbona hukuniambia?"

Eliwaza alimtazama mama mkwe wake, kisha sakafu. "Ulinisomea kwamba ilikuwa salama," akasema. "Nikataka iwe kweli."

Bibi Nakijwa alimshika mkono, na hakuna aliyelaumu mtu pale. Siku ile ile walimtafutia gari, akateremshwa hospitali ya bondeni, akalazwa asubiri siku yake. Siku ilipofika, kondo la nyuma likakwama tena. Damu ikatoka tena. Lakini safari hii madaktari walikuwa wamejiandaa, na damu ya kumwongezea ilikuwapo. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia mara tu alipotoka. Mama yake alikaa siku kadhaa hajiwezi, kisha akaketi, kisha akanyonyesha.

Walirudi Irondo. Ikafika siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina. Kwa desturi ya nyumba ile, binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba. Kila mtu alijua ataitwa Nakijwa. Lakini Bibi Nakijwa alisimama mbele ya ndugu na majirani, akasema kwamba jina ni lake, naye analiachia. Mjukuu wake apewe jina la yule aliyemfanya awe hai. Alikuwa ameshatuma watu wawaite wote watatu, nao wote walikuja: Namsifu kutoka zahanati, Chausiku na Mwasiti kutoka mjini, wawili hao wakiwa wamekaa kila mmoja mbali na mwenzake.

Mtu mmoja akapendekeza mtoto apewe majina yote matatu. Bibi Nakijwa akakataa. Alisema mtoto anayeitwa kwa majina matatu hajui aitikie lipi, na kwamba shukrani ikigawanywa vipande, kila mmoja anakwenda nyumbani na kipande, hakuna anayekwenda na shukrani. Akawaomba wale watatu kila mmoja aseme alichofanya, bila kujikweza na bila kujificha.

Namsifu akasema, "Mimi niliona kwamba kuna kosa, nikalisema mpaka likasikika, ingawa nilichekwa. Lakini mimi ndiye niliyemsomea Eliwaza ukurasa wa mtu mwingine. Na siku ile ya mwisho, kwa wingi wa watu, sikurudi juu kulitazama jina. Ukurasa ungeteleza, ningemruhusu ajifungulie hapa."

Chausiku akasema, "Mimi nilijua sababu ni nini na dawa ni nini. Bila hivyo, malalamiko ya nesi yangebaki malalamiko. Lakini njia ile ya pembeni niliifungua mimi. Na nilipoambiwa nisiifunge, nilitii."

Mwasiti akasema, "Mimi niliifunga. Sikuona kwa macho yangu, niliambiwa. Sikuijaribu vya kutosha, na kuna akina mama waliorudishwa nyumbani kwa ajili yangu. Sina kazi sasa. Sijutii."

Hapo maneno yakaanza. Wa kwanza kusimama alikuwa Elizabeti, yule yule wa watoto watano ambaye ukurasa wake ulisomwa badala ya wa mwenziwe. Alisema jina ni la Namsifu. Mtu akipiga kelele nyumba inaungua, na watu wakamwambia hakuna moshi, naye akaendelea kupiga kelele, huyo ndiye aliyezima moto, hata kama ndoo ilibebwa na wengine. Mtu akamjibu kwamba moto huo nusura umuunguze Eliwaza kwa mkono wa Namsifu mwenyewe. Elizabeti akasema mkono ulipotezwa, haukupotea.

Kiondo, baba wa mtoto, alisema jina ni la Mwasiti. Alisema wengine wawili walijua, na kujua kwao hakukuusogeza ukurasa hata kidogo. Nesi alijua, ukurasa ukateleza. Mchoraji alijua, ukurasa ukateleza. Ulikoma kuteleza siku Mwasiti alipotia mkono, na yeye peke yake ndiye aliyelipa kwa alichofanya. Mjomba mmoja akauliza kama mtu wa kutenda bila kuona na bila ruhusa ni mtu wa kumpa mtoto jina lake, maana safari hii alipatia, na je, angekosea? Kiondo akasema angekosea, leo tusingekuwa tumekaa hapa. Mjomba akasema ndiyo hoja yake.

Watu wengi walidhani basi jina litakuwa kati ya hao wawili. Chausiku mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyekuja kusikiliza tu. Ndipo Eliwaza, aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi, akaomba kusema, mtoto yuko kifuani.

"Mimi ningemwita Chausiku," akasema.

Chausiku akainua kichwa.

"Alipanda huku akitaka ukurasa wake uwe mzuri," Eliwaza akaendelea. "Akaona si mzuri, akasema kosa ni lake. Mimi pia nilikuwa na neno la kusema, siku ile ya kwanza, nikalimeza. Najua lina uzito gani. Nesi alilaumu simu, na alikuwa na haki. Mwasiti alilaumu ofisi, na alikuwa na haki. Yeye peke yake alijilaumu. Asingesema vile, Mwasiti angefunga nini?"

"Na alipokatazwa?" Kiondo akauliza. "Alinyamaza, mke wangu. Mwenzake anafukuzwa, naye anatazama."

"Alinyamaza," Eliwaza akakubali. "Hata mimi nilinyamaza, na mnanipongeza kwa mtoto."

Bibi Nakijwa aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akanyoosha mikono, akampokea mjukuu wake kutoka kwa mama yake, akatoka naye mlangoni, kwenye jua, ndugu wote wakimfuata. Ni lazima jina litamkwe pale, mtoto akiwa ameelekezwa kwa watu, na likishatamkwa halibadilishwi. Namsifu alisimama kulia. Mwasiti alisimama kushoto. Chausiku alibaki nyuma, karibu na kizingiti. Mtoto alikuwa macho.

Bibi akafungua kinywa.

Mimi niliyewasimulia nimeuliza watu wa milimani na watu wa bondeni, manesi na wanaofanya kazi za simu, na sijapata nyumba hata moja iliyokubaliana. Sasa mpokeeni mtoto nyinyi. Yule aliyeona kosa akalipigia kelele, ingawa lilipita mkononi mwake. Yule aliyekijua chanzo chake akakiri kuwa kosa ni lake, kisha akatii. Na yule aliyeliondoa bila kuona wala kuruhusiwa, akafukuzwa. Jina ni moja. Je, nani alistahili? Mtamwita nani huyu binti?